Kaa Moja Sakafuni

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba macho yako yanapata nafasi ya kupumzika kutokana na ule mwanga wa kuchomelea vyuma. Huku hatujambo. Mama miguu inamsumbua, ila mdomo wake mzima kabisa. Mimi na duka langu la kuchapa na kutoa nakala tunasukuma siku.

Sasa keti vizuri. Sithubutu kuandika "kaa", utaona kwa nini. Kaka, nimepita chumba cha saba! Nasema cha mchezo wa mama, ule aliotutungia kwenye kompyuta ya chuo alikokuwa akifundisha kupiga chapa: nyumba ya vyumba tisa, bila picha hata moja, maneno ya kijani tu kwenye kioo cheusi. Unachapa "fungua kabati", linafunguka. Unachapa upuuzi, unajibiwa "Sijakuelewa, mwanangu." Ndiyo, disketi ipo, baada ya miaka ishirini na sita. Ilikuwa wapi, nitakwambia, usiruke mistari. Ila ujue mapema kwamba nitakuomba neno moja, na una kila haki ya kuninyima.

Bisibisi, yule rafiki yangu anayenitengenezea mashine za dukani, alipata kompyuta kuukuu yenye mdomo wa disketi kwenye ofisi iliyokuwa ikihama. Nikamwambia asithubutu kuing'oa vipuri. Jumanne asubuhi tukaiweka mezani, nikafunga mlango wa duka, wateja wakagonga mpaka wakachoka.

Ikawaka! Vyumba sita nilivipita mbio, vidole vinakumbuka kuliko kichwa. Kisha tukafika kwenye giza letu lile lile: "Chumba hiki kina giza. Sakafuni kuna kaa moja." Unakumbuka ulivyomcheka mama? Ulisema mwalimu mzima kameza herufi, ilipaswa kuwa "kaa mmoja". Mama akatabasamu tu na kuendelea na kazi zake. Nasi tukahangaika na huyo kaa likizo nzima. Tulichapa "kamata kaa", tukajibiwa "Vidole vyenu!", tukasema ametubana kwa gando. Tukachapa "mwaga maji", maana kaa ni wa majini, tukajibiwa "Sasa mmeharibu. Anzeni upya."

Basi Bisibisi, ambaye hajawahi kuuona mchezo huu, akasoma mstari ule mara moja tu, akauliza mbona silipulizi. Nikamuuliza nipulize nini. Akanishangaa, akasema kaa, kaa la moto, si limeandikwa hapo ni moja? Kaka, nilitamani kuingia chini ya meza. Mama hakukosea chochote. Sisi wajuaji ndio tuliokuwa tukimfukuza mnyama asiyekuwepo! Nikachapa "puliza kaa". Kaa likawaka, ikaonekana taa ukutani, na pembeni yake mlango wa chumba cha nane. Nilipiga yowe mpaka fundi viatu wa jirani akaja na nyundo mkononi.

Cha nane kilikuwa chepesi. Mlango wa cha tisa ndio umenikwamisha. Una makufuli mawili, moja linataka neno la dada, jingine neno la kaka. Siku aliyotuonyesha mchezo pale chuoni, mama alimnong'oneza kila mmoja wetu neno lake na kutukataza tusiambiane. Langu nililikumbuka, kufuli likafunguka. Lako silijui, ikabidi nimwite mama.

Mama alipofika hakuuliza habari za kaa. Aliuliza disketi imetoka wapi.

Kaka, disketi nilikuwa nayo mimi. Uliniambia mimi bado mdogo, mchezo utaumalizia na wenzako wa shule. Nikachukia, nikaichomeka ndani ya jalada la daftari langu, nikikusudia nikuudhi siku moja tu. Jioni mama akaikosa. Akakutandika wewe, akakupiga marufuku kugusa mashine. Uliapa kwamba hukuichukua, nami nilisimama pale pale, macho makavu, nikauchuna. Kesho yake niliogopa zaidi, na keshokutwa zaidi ya hapo. Ukaiacha kompyuta uliyoipenda kuliko chakula, ukaenda kujifunza kuchomelea. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyekuwa nguoni ni mimi. Nisamehe, kaka. Naona aibu hata kuliandika neno hilo.

Hayo hayo nilimwambia mama, akanisikiliza mpaka mwisho, akaketi. Nikamsihi anitajie neno lako, kwa kuwa yeye ndiye aliyelitunga. Akasema, "Nalijua, lakini silichapi. Nilimwadhibu bila kumsikiliza. Safari hii namsubiri yeye."

Mchezo hauna namna ya kuhifadhi ulipofikia, kwa hiyo mashine hatujaizima tangu Jumanne. Mama ameleta kiti chake dukani, na anayeusogelea waya anakiona cha moto. Umeme ukikatika tutaanza upya, majibu ninayo. Neno lako usiniandikie. Njoo ulichape mwenyewe. Na ukiona sistahili kuwemo, mtaingia wewe na mama, mimi nitasimama nje.

Nisalimie wifi na watoto. Za mama siziandiki, amenikataza. Anasema salamu zake atakupa mwenyewe, na anazo za miaka ishirini na sita.

Ni mimi mdogo wako,
mwizi wa nyumbani.