Mabaka na Mluzi wa Baba

Jumatano, Mungaa

Nilikosea tangu mwanzo. Jedwali la ng'ombe wetu nililiwekea safu tatu tu, rangi, pembe na umri, nikadhani nimemaliza. Leo Mama amekaa karibu na kompyuta, akataja mambo ambayo sikuyawazia. Huyu ana alama sikioni, yule alitoka kwa wajomba. "Na Mabaka huitikia mluzi wa baba yako."

Nikaibomoa kazi yote. Sasa kuna jedwali la ng'ombe, la watu, na la sifa, ambako kila sifa ina mstari wake. Jina la Baba nimeliandika mara moja tu. Kwingine kote ni namba niliyompa.

Halafu nikajaribu kumfuta. Tulimzika kabla ya mvua, sikuona sababu ya kumwacha kwenye orodha ya wafugaji. Kompyuta ikakataa: bado kuna sifa inayomtegemea, ile ya Mabaka na mluzi.

"Mwache, mwanangu," Mama akasema.

Ng'ombe waliporudi nilipiga mluzi kama wake, nione kama naweza kuweka namba yangu badala ya yake. Mabaka akaja. Akanipita, akasimama nyuma yangu, akatulia kama alivyokuwa akitulia mbele ya Baba.

Sikugeuka.