Jiko langu limesimama golini

Leokadia, leo nimeaibika mbele ya mtaa mzima.

Halmashauri walituita tupange uwanja wa michezo. Si unajua mjukuu wa jirani yetu Siwema aligongwa na lori la mbao akicheza na wenzake barabarani? Yuko hospitali ya Tosamaganga, mguu umevunjika. Nikasimama, rozari mkononi: “Aliyekula uwanja wa watoto atajwe hapa hapa!” Wakanipigia makofi.

Ofisa mipango akafungua jalada la 1975. Akasoma: uwanja ulimwe mahindi kwa kampeni ya kilimo cha kufa na kupona, urudishwe baada ya mavuno. Akasita. “Bibi, balozi wa nyumba kumi aliyesaini ni Kalista Mgaya.”

Mimi! Mwandiko wangu kabisa, mwenzangu!

Jirani Bushiri akadakia kutoka nyuma, “Basi bibi, turudishie makofi yetu!” Wakacheka.

Uwanja hatukuurudisha. Tulivuna, tukapanda tena, mwisho tukajenga. Jiko langu limesimama pale palipokuwa na goli.

Siwema akanitazama tu. Yesu anisamehe, nikakaa chini.

Kesho nakwenda ofisini kuwaambia waanze kubomoa kwangu. Nisindikize. Peke yangu nitaogopa, nitarudia njiani.