Maji ya Mashine

Arua, Jumamosi, 1974

Mashine ya kufulia leo imekubali. Moyo wangu ndio haujakubali.

Wiki nzima ilikuwa ikiingiza maji na kuyamwaga hapo hapo, nguo zinabaki na sabuni. Leo fundi Mkongo ameona kosa mara moja. "Mama, mupira ya kutoa maji iko chini. Mutu analaza mupira chini, maji yote inakimbia." Akauinua, akaufunga ukutani, akaelekeza mwisho wake kwenye mtaro unaopita mbele ya jiko la jirani.

Mume wangu aliporudi kutoka kambi ya jeshi akawaka. "Nani alisema maji iende kwa mtaro? Kesho chimba shimo nyuma, funika."

Tangu lini anajali maji ya kufulia yanakwenda wapi? Mwanaume ambaye hajawahi kubeba ndoo! Na kwa nini alimfukuza Mama Zaituni, aliyetufulia miaka yote bila neno, kabla hata mashine haijafika? Siku hizi magwanda yake anayatia ndani mwenyewe. Mimi nikigusa tu kifuniko cha mashine...

Jioni aliiwasha. Hakuweza kungoja shimo. Nikajifanya naenda kuanua nguo, nikasimama karibu na mtaro. Maji yalitoka mekundu.

Nilimwuliza. Akajibu bila kunitazama, "Hiyo vumbi ya Koboko tu. Barabara iko mbaya."

Mimi nimezaliwa Koboko. Vumbi lile nimelifua tangu utotoni.

Halinuki.