Bendera Nyeupe Haikupanda

Coon Rapids
Jumanne, 26 Agosti 2025

Kwako Griffins,

Tulipoteza fainali ya kanda Jumapili iliyopita, saa kumi kasoro, kwa pointi moja, na pointi hiyo ilikuwa mikononi mwako. Salamu ndizo hizi zinafuata: sisi wazima, isipokuwa mpwa wako Natasha, ambaye hali vizuri wala haongei. Mkeo Mumbi na watoto hawajambo?

Simu zangu huzipokei, kwa hiyo soma barua pepe hii. Mpira huu wa Kiairishi nimeujua ukubwani kwa ajili ya mwanangu, lakini hesabu yake haina siri. Ukitia wavuni, tatu. Ukipitisha juu ya mtambaa panya, kati ya milingoti, moja. Milwaukee kumi na tano, sisi kumi na nne, Natasha akapiga wa mwisho. Mimi niliuona ukipita ndani. Wewe, mwamuzi wa goli, uliyesimama kwenye mlingoti na koti lako jeupe kama muuza nyama wa soko la Burma kule nyumbani, ukatandaza mikono: nje. Ungeinua ile bendera nyeupe ya pointi tungeingia muda wa ziada.

Natasha hakubisha. Kwenye gari aliniambia, "Uncle ameona, Mum. Wachana nayo." Tulipofika akatupa njumu zake kwenye pipa la taka. Nimezitoa.

Uliona nini?

Dadako,
Philister


Maple Grove
Alhamisi, 28 Agosti

Dada Philister,

Pokea salamu zetu nyingi. Sisi tuko salama, ila Mumbi anasema umemnyima usingizi na hata uwanjani hakuwepo.

Dada, kila timu iliambiwa itoe watu wawili wa kusimama golini. Nani mwingine angekubali? Shemeji Jairus alikuwa ameshikilia makaa na nyama yake. Mpira ulikuja juu kuliko mlingoti wenyewe, jua limenipiga usoni, na mtu unaamua papo hapo. Nikasema nje, refa akakubali. Imeisha hiyo. Hata kwenye Kombe la Dunia watu hukosa. Mwambie Natasha nampenda.

Mdogo wako,
Griffins


Coon Rapids
Jumapili, 31 Agosti

Griffins,

Za huko? Huku bado ni kimya.

Jua umelisingizia. Goli lile liko upande wa magharibi. Saa kumi kasoro lilikuwa linakuchoma kisogo, si uso.

Na nikwambie nilichoona, maana mimi kazi yangu ni kuangalia. Kipindi cha kwanza Milwaukee walipitisha mipira minne upande wako. Mara zote nne uliinua bendera hata mpira haujatua. Wa Natasha ulikuchukua muda. Ulimtazama refa. Ukawatazama watu waliosimama kando. Ndipo mikono ikafunguka. Mlingoti uko hapo begani kwako, Griffins, wewe kwa watu ulikuwa unatafuta nini?

Ijumaa hii saa kumi na mbili jioni kocha anafunga majina ya kikosi cha kanda kitakachokwenda Ireland. Natasha alikuwamo. Amejitoa. Anasema anayekosa mpira kama ule hafai kupelekwa popote. Na ule mguu wa kushoto aliopigia ni wewe uliyemfundisha, kwenye theluji, nyuma ya nyumba yangu.

Dadako,
Philister


Maple Grove
Jumatano, 3 Septemba

Dada,

Natumai mnaendelea vizuri. Nimeandika nikafuta, nikaandika tena.

Kabla ya kipenga cha kwanza mama mmoja wa Milwaukee alimwambia mwenzake, hapo karibu yangu, bila hata kunong'ona, "Yule ni mjomba wa namba kumi na moja. Leo tutaona maajabu." Wakacheka. Nami nikacheka nao. Mchezo mzima niliwasikia mgongoni.

Ule mpira uliponijia, ukikwaruza hewa kando ya mlingoti... Dada, kati ya waliovaa koti jeupe siku ile mweusi nilikuwa mimi peke yangu. Ningeinua bendera wangesema nini juu yetu? Juu yake?

Usinilazimishe zaidi ya hapo.

Griffins


Coon Rapids
Alhamisi, 4 Septemba

Mdogo wangu,

Hujambo. Barua yako ina macho ya watu wote wa uwanja ule, isipokuwa yako.

Nilianza nchi hii kwa kufua mashuka ya wazee wa watu, na leo nina nyumba mbili za kuwatunza. Kupunjwa nakujua. Mgeni akikupunja, unaongeza bidii. Akikupunja mjomba, unaamini ulistahili. Huko ndiko aliko mwanangu sasa.

Kama mpira ulitoka, sema. Nitakuja Maple Grove na kuku mzima, nikuombe radhi mbele ya Mumbi. Kama uliingia, sema vilevile. Milwaukee wakae na kombe lao, mimi sitamwandikia mtu yeyote malalamiko.

Usinijibu mimi. Mpigie Natasha. Simu yake itakuwa mezani, na njumu kando yake, nimezipiga brashi. Hutamweleza jua wala mama wa Milwaukee. Mpe neno moja, Griffins: ndani, au nje? Kesho Ijumaa, kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Dadako,
Philister