Yasini kwa ajili ya Barafu ya Nassor

Mlandege, Alkhamisi, Machi 1957

Joto la leo halina huruma. Hata sakafu ya ukumbini, inayonipoza miguu siku zote, imekuwa vuguvugu. Na katika joto hilo tumekaa tangu alasiri kuiombea barafu.

Kaka yangu Nassor yuko Uingereza, chuo kikuu. Anaigandisha haidrojeni, hewa nyepesi kuliko zote, mpaka iwe kipande kigumu, chembamba kama ganda la yai. Kisha mashine inakirushia chembe ndogo zisizoonekana, naye na wenzake wanatazama zinatawanyika upande gani, ili wajue kiini cha vitu kimeumbwaje. Baridi inayotakiwa, anasema, haipatikani popote duniani ila itengenezwe. Na huyu ndiye aliyekuwa akilia akimwagiwa maji ya kisima! Namstaajabia mno.

Mara mbili kipande kimepasuka. Mashine ataipata tena Jumatatu, na hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho. Ameandika kutuomba dua, basi mama akawaita majirani tumsomee Yasini.

Bi Zuwena wa mlango wa pili aliniuliza kabla hatujaanza, "Tuombe nini hasa, mwanangu? Nisije nikaomba sicho." Nikamweleza kuwa barafu ya kiwandani ina weupe katikati, yale ni mapovu ya hewa, ya Nassor isiwe na povu wala ufa. "Basi Mola aigandishe sawasawa," akasema, akafungua msahafu. Sijapata kuona watu wakiomba kitu wasichokijua kwa moyo safi namna ile.

Mimi nina la kukiri.

Barua za Nassor huzisoma mimi, kwa sababu mama anasoma herufi za Kiarabu tu. Safari hii niliruka mstari mmoja: akifaulu atabaki huko miaka miwili zaidi, asipofaulu, atapanda meli ya kwanza. Nilijiambia namwonea mama huruma. Lakini wenzangu walipokuwa wakisoma, midomo yangu ilisoma nao na moyo ukasema, ipasuke, arudi.

Walipoondoka sikuweza kuvumilia. Nilimweleza mama habari ya ule mstari. Alikuwa anakusanya vikombe vya kahawa, na wala hakuviweka chini.

"Nshajua," akasema. "Mtu akiiweza kazi, watamwachaje aondoke?"

"Na bado ukamwombea ifaulu?"

"Si ndicho alichokitaka?"

Akaenda zake jikoni. Nilimsikia akiosha vikombe muda mrefu kuliko vikombe sita vinavyohitaji, na nilipomfuata macho yake yalikuwa mekundu. Nilidhani namjua mama yangu. Kumbe Nassor si peke yake wa kustaajabiwa katika nyumba hii.

Nimeshatia udhu. Nataka kuisoma Yasini upya, peke yangu, niombe kama alivyoomba yeye. Je, nikifika mwisho, nitaweza kusema amin?