Kopo la Vifungo

Mdogo wangu,

Futa machozi. Leo nimeamka na njaa, nimeshagombana na muuguzi kwa chai isiyo na sukari, na macho yangu si manjano tena.

Vijidudu vilivyoingia kwenye mrija wa nyongo vilizicheka antibayotiki tatu. Ya nne ndiyo imeviweza. Daktari aliniuliza kama huwa namaliza dozi. Nikajibu ndiyo, kwa macho makavu. Jana nikaona haya, nikamweleza lile kopo letu la vifungo kando ya cherehani, tunamoweka vidonge vinavyobaki kila tukipata nafuu, ili atakayeugua ajichukulie.

Akashika kichwa. "Basi vijidudu vyako vimesomea humo!"

Panda basi la kesho, ulete kopo. Na hilo tumbo lako unalolituliza kwa kidonge kimoja kimoja, lilete pia.

Dada yako mshonaji