Ufunguo Ndani ya Chungu cha Ulezi

Mjukuu wangu Restituta,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Hapa Mshangano sote wazima, na babu yako anapalilia mahindi. Nimefurahi kusikia umeshaacha magongo.

Umeniuliza kama uiuze pikipiki iliyokuangusha. Mimi, miaka ile mitumba ilipoanza kujaa sokoni, nilikuwa bibi shamba kijana kule Maposeni. Pikipiki nilikuwa nimejifunza juzi tu, nikaanguka mchangani mbele ya wakulima wangu. Ya hospitali nisikuchoshe. Niliporudi nyumbani, mama yangu alikuwa ameficha ufunguo ndani ya chungu cha ulezi.

Siku nilipotembea bila fimbo, aliutoa mwenyewe. "Nipeleke kanisani Peramiho," akasema. Alikuwa hajawahi kupanda pikipiki maishani. Alining'ang'ania kiunoni njia nzima, nami sijawahi kuendesha kwa uangalifu kama siku ile. Tulipofika, watu walitukodolea macho. Mama akashuka, akanyoosha kanga yake, akasema kwa sauti: "Nimeletwa na binti yangu."

Ukipona kabisa nitakuja huko Njombe. Usiniletee bajaji stendi. Nifuate wewe, watu waone nimeletwa na nani.

Bibi yako